Kauri tatu kinywani mwangu: yenye chuma ndani, zirkonia na e.max (Arusha na Moshi)

Mi siyo daktari wa meno na wala siuzi vifaa vyao, nauza vitenge Soko Kuu hapa Arusha, ila kinywani mwangu zimepita kofia za jino za aina tatu tangu 2013 na kaka yangu anayeishi Moshi ameshawekewa daraja mara mbili, yaani ukijumlisha hela yote familia yetu iliyoacha kwa madaktari wa meno unapata bodaboda mpya. Naandika kwa sababu karibu kila wiki mteja ananiuliza dukani, dada hilo jino la mbele ulitengenezea wapi na bei gani, afu nikimuuliza yeye kliniki yake imemwambiaje ananijibu "wamesema wataniwekea la kauri". Basi. Hajui kauri gani. Na mimi 2013 sikujua pia, na ndo maana niliumia.

Kwa ambaye hajawahi kusikia: jino likivunjika sana au likishatibiwa mzizi linabaki dhaifu, kwa hiyo daktari analichonga kuzunguka pande zote libaki kisiki, anachukua vipimo, maabara wanatengeneza ganda la nje lenye umbo la jino na linakuja kubandikwa juu ya kile kisiki moja kwa moja, huvui usiku kama meno ya bandia ya sahani. Ndo kofia hiyo, wengine wanaita krauni. Kama jino lenyewe halipo kabisa, wanachonga majirani wawili wa kushoto na kulia na kuweka kofia mbili zilizoshikana na jino la katikati linaloning'inia, hilo ndo daraja. Sasa lile ganda linaweza kuwa la dhahabu, la chuma, au la kauri, na kauri zenyewe zinatofautiana kama mchele wa Kahama na wa Basmati, vyote ukiita wali hujakosea ila ukipika utaona.

Yangu ya kwanza. 2013 nilianguka na bodaboda njia ya Sakina, jino la mbele juu likakatika nusu. Nikaenda kliniki moja mjini, silitaji jina, wakanisafisha mzizi wakaniambia wataweka kofia ya kauri, laki na themanini. Nilikuwa na furaha kwelikweli siku ile, nilitoka pale nacheka na kila mtu. Kilichokuwa ndani sikuambiwa. Ni chuma, kikombe chembamba cha chuma, juu yake wamepaka rangi nzito ya kuficha chuma na juu ya hiyo ndo wamechoma porsileni. Hii aina siyo uchafu wala utapeli, nataka ieleweke, imetumika duniani tangu miaka ya 1960 na watu wengi sana wanatafuna nayo miaka ishirini na zaidi, hasa magego. Shida ni mbili. Moja, porsileni ya juu ni kioo, yenyewe ikiwa peke yake haina nguvu kubwa, inashikiliwa na chuma, ikipata pigo la pembeni inabanduka kipande na chuma kinaonekana. Pili ni jino la mbele. Chuma hakipitishi mwanga.

Hiyo ya mwanga nilikuja kuigundua mwenyewe usiku umeme umekatika. Nilikuwa mbele ya kioo na tochi ya simu, nikaiweka nyuma ya meno ya juu kwa ndani, meno yangu mengine yakawaka kama taa ya karatasi, rangi ya asali hivi, na lile moja likabaki jeusi tii katikati kama pengo. Nilikaa pale nimeshika simu, nikaelewa kwa nini kwenye picha za harusi ya mdogo wangu jino langu lilionekana limekufa wakati kwenye kioo cha bafuni linaonekana sawa. Jino la kweli linaingiza mwanga ndani kidogo kabla ya kuurudisha, lile la chuma linaurudisha palepale juu, na kwenye flashi ya kamera tofauti inapiga kelele. Afu mwaka wa nne au wa tano ufizi ulipanda kidogo, ukaanza kuonekana mstari wa kijivu pale juu jino linapokutana na nyama. Wateja wanadhani ni uchafu. Nilikuwa napiga mswaki mpaka ufizi unatoa damu nikidhani ni uchafu kweli, kumbe ni ukingo wa chuma. Hiyo iliniuma kuliko hela.

Kwa hiyo kofia ya chuma ndani: nguvu nzuri, bei nafuu, kwa gego la nyuma ambalo hakuna anayeliona sina neno nayo. Kwa jino la mbele mi siwezi kumshauri mtu. Na kama una aleji ya hereni za bei rahisi zile za nikeli, mwambie daktari kabla, maana baadhi ya vyuma wanavyotumia ndani vina nikeli.

Sasa hapa lazima niseme kitu cha kwetu. Mi ni mzaliwa wa Maji ya Chai, na mtu yeyote wa ukanda huu wa Meru anajua nazungumzia nini, meno yetu ni ya kahawia. Maji yanayotoka kwenye miamba ya mlima huu wa volkano yana floraidi nyingi, mtoto akiyanywa wakati meno yanatengenezeka ndani ya ufizi yanatoka na madoa, mengine ya njano mengine kahawia kabisa na vishimo. Shirika la Afya Duniani linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima na mito huku kwetu inapita hapo mbali sana. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wanachuja hiyo floraidi kwa mkaa wa mifupa, wanangu nimewalea na maji ya namna hiyo na meno yao ni meupe, namshukuru Mungu. Ila mimi nimeshachelewa. Sasa fikiria unatengenezewa kofia moja ya mbele, meno ya pembeni yana mawingu ya kahawia, na kliniki inakuletea jino jeupe safi kama la tangazo la dawa ya mswaki. Ndicho nilichoishi nacho miaka kumi. Kile kibao cha rangi wanachotumia wengi, cha kampuni ya Vita, kina rangi 16 kuanzia A1 mpaka D4, na hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa Maji ya Chai. Kwa hiyo kwetu sisi kazi ya rangi ni ya mkono wa fundi na jicho la daktari.

Ya pili, 2019, gego la chini kulia. Lilioza ndani, nikavumilia na karafuu mpaka usaha, nikasafishwa mzizi mara tatu kwa daktari mwingine, mama mmoja mtu mzima ana kliniki ndogo ghorofani hapahapa Arusha. Huyu ndo aliyenifundisha kuuliza. Alisema "dada, hili ni gego, linabeba mzigo wote wa kutafuna, nakushauri zirkonia nzima isiyopakwa kitu juu, laki nne na nusu, ila njoo Alhamisi fundi atakuwepo uione kwanza". Sijawahi kuona daktari anamkaribisha mgonjwa aone bidhaa kabla ya kulipa. Nikaenda.

Fundi ni kijana, mpole, ana vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Akanipa kiganjani kofia ya zirkonia iliyotoka kwenye mashine ya kuchonga, haijachomwa. Nyepesi kama kipande cha chaki, rangi ya chaki, na kubwa, nikamwambia mdogo wangu hili jino la ng'ombe siyo langu. Akacheka akaniambia "dada usiibonyeze, utaivunja kwa kidole". Na kweli ilikuwa inaacha unga mweupe kwenye ngozi. Afu akaweka pembeni yake nyingine ya mgonjwa mwingine iliyokwisha kutoka kwenye tanuru, umbo lilelile ila ndogo, inang'aa, nzito, ukiigonga kwenye meza inalia kama kikombe cha kauri cha chai. Anasema wanaichoma kama nyuzi 1,500 za selsiasi kwa masaa, na inasinyaa karibu moja ya tano, kwa hiyo kompyuta inaichonga kubwa makusudi ili ikisinyaa ifike saizi ya kisiki chako. Ndo maana vipimo vikikosewa kidogo tu mwanzoni, mwisho inakuwa haikai, na zirkonia ukishaichoma huwezi kuinyoosha.

Nikamuuliza maana Arusha hapa tunajua zirkoni, madalali wa mawe wanazo kwenye karatasi zao pamoja na tanzanite na ganeti, je ndo hiyohiyo? Akasema ni ukoo mmoja ila si kitu kimoja. Zirkoni ni jiwe la ardhini, na mchanga wake ukisafishwa kiwandani ndo unapatikana unga wa zirkonia, oksaidi yake. Wanauchanganya na itria kidogo, oksaidi nyingine hiyo, ili utulie. Na uzuri wake ni huu, ambao mi niliupenda sana: ufa ukianza kuingia, chembe zilizo kwenye njia ya ule ufa zinabadilika umbo na kuvimba kama asilimia 3 hadi 5, zinaubana ufa pande zote usiendelee. Yaani kitu kinajikaza pale kinapoumizwa. Watafiti wa Australia waliliandika hilo 1975 wakaifananisha na chuma cha pua. Kwa namba, porsileni ya kawaida ina nguvu kama megapaskali 100 hivi (ndo kipimo cha mzigo kitu kinachobeba kabla ya kuvunjika), zirkonia ngumu ni 900 hadi 1,200. Ndo tofauti ya kikombe na jembe.

Ila, na hapa watu wengi wanadanganywa, zirkonia nayo siyo moja. Ile ngumu zaidi ni nyeupe ya chokaa, haipitishi mwanga vizuri, ukiiweka mbele inaonekana jino la bandia. Wakiongeza itria inakuwa inapitisha mwanga na kupendeza lakini nguvu inashuka, inaweza kufika nusu. Kwa hiyo ukiambiwa "ni zirkonia, haivunjiki maisha" uliza zirkonia ipi, kwa sababu ile ya urembo na ile ya kazi zinaitwa jina moja dukani.

Gego langu limefikisha miaka mingi sasa. Nimekula makande, mahindi ya kuchoma, kisusio, mifupa ya mbuzi, sijapata shida hata siku moja. Kitu kimoja tu, siku ya kuibandika dokta alitumia ile karatasi ya buluu, unauma tu tu tu, unasaga kushoto kulia, inaacha alama pale inapogusa kwa nguvu zaidi, anapunguza kidogo kwa mashine, unauma tena. Alirudia mara sita au saba. Afu baada ya kupunguza akaisugua upya kwa raba za kung'arisha karibu robo saa, nikamuuliza dokta kwani si imeshakaa, akasema zirkonia ikiachwa na mikwaruzo inasaga jino la juu linalokutana nayo kama msasa, ikiwa laini kama kioo haina tatizo. Nawaambia kliniki nyingi hiyo robo saa hawakupi. Mtu anapunguza, anakwambia sawa mama unaweza kwenda. Ukitoka na kofia ukihisi kwa ulimi ina mkwaruzo, rudi.

Ya tatu ndo ninayoipenda, na ndo hiyo wateja wanayoulizia. 2023 nilichoka na lile jino la mstari wa kijivu, nikarudi kwa yuleyule mama. Akaniambia kwa mbele, jino moja, mtu mwenye meno ya rangi kama yangu, anataka e.max. Hiyo ni kauri ya kioo, lithiamu disiliketi, inatengenezwa na Ivoclar, kampuni ya Liechtenstein kale kanchi kadogo kati ya Uswisi na Austria. Nguvu yake iko katikati, kama megapaskali 400 hadi 500, siyo jembe lakini ni mara nyingi ya porsileni ya kawaida, na mwanga unaingia ndani yake kama jino. Kwa kuchongwa kwa mashine inakuja kama kipande cha rangi ya buluu au zambarau, nilikiona, ukiambiwa hilo litakuwa jino unakataa, mpaka ikishachomwa kama nyuzi 850 ndo inageuka rangi ya jino. Laki tano na nusu. Ghali, najua, nililipa kwa awamu mbili.

Kuitoa ile ya zamani ilikuwa dakika arobaini za kelele, ganzi sindano mbili, walikata chuma. Afu siku ya rangi. Dokta aliniambia nije saa nne asubuhi, bila lipstiki, na nilikuwa nimejifunga mtandio mwekundu akaniomba niuvue, akanipa kitambaa cha kijivu, akasema rangi kali karibu na uso inamdanganya jicho. Akanitoa nje kwenye baraza. Taa ya kliniki ameizima. Nimesimama pale na mdomo wazi, chini naona haisi za Kijenge zinapiga honi, yeye na fundi wameshika vile vibao vya rangi pembeni ya meno yangu, wanavilowesha maji, wanaangalia sekunde chache wanageuza macho pembeni wanarudi. Wakakubaliana shingo ya jino ni A4, katikati A3.5, afu fundi akachora kwenye karatasi jino kubwa, akachora wingu la kahawia upande wa kulia pale juu na mistari miwili myeupe ya kulala, akapiga picha, akanionesha mchoro, "dada, ni hivi?" Ilikuwa ni hivyo. Nilitaka kulia. Miaka yote watu wanataka kunifuta hayo madoa na yeye anayachora kwa makini kama anachora ramani ya shamba. Kuna daktari mwingine aliwahi kuniambia nichonge meno sita yote ya mbele niyavishe kofia nyeupe, mazima yasiyouma, kwa milioni tatu. Meno mazima! Kuchonga jino zima ni kulikata milele, halioti tena, usikubali kirahisi.

Wiki mbili nilikaa na kofia ya muda ya plastiki, hiyo usiitafunie karanga, ilinitoka mara moja nikarudishiwa bure. Siku ya kubandika e.max nayo ni kazi tofauti. Upande wa ndani wanaukwaruza kwa asidi kali, wanapaka dawa ya kushikisha, afu simenti ya resini inayogandishwa kwa ile taa ya buluu, na jino lazima liwe kavu kabisa, mate yakiingia mmekwisha. Ile asidi ndo inafanya kioo kishikane na jino kuwa kitu kimoja. Zirkonia haisikii asidi hiyo, yenyewe wanaipiga mchanga laini wa alumina na kupaka dawa yake tofauti. Kwa hiyo daktari anayebandika zote mbili kwa njia moja, mwogope. Ikitoka baada ya mwezi utaambiwa kauri mbovu kumbe ni gundi.

Nilipofika nyumbani niliisubiri giza nikachukua tochi ya simu. Meno yote yaliwaka. Yote.

Nije kwa kaka sasa maana daraja lina sheria zake. Kaka anakaa Pasua, Moshi, alishang'oa gego moja la chini miaka ya nyuma, 2020 akatengenezewa daraja la meno matatu kwenye kliniki moja ya huko nisiyoitaja, milioni moja na hamsini. Akaambiwa zirkonia. Na kweli ilikuwa zirkonia, ila ya ndani tu, juu wamepaka porsileni ipendeze, hiyo wanaita ya tabaka. Miezi kumi na nne hivi yuko kwenye msiba Kibosho anakula nyama, akasikia ka! akadhani ni mfupa. Akatema kipande cha porsileni kikubwa kama ukucha wa kidole kidogo, chini yake zirkonia nzima haina hata mkwaruzo. Hilo ni tatizo linalojulikana la kauri za tabaka, ya ndani ni jabali ya juu ni kioo, kinachopasuka ni kioo. Kliniki ikamwambia kosa ni lake, kwa nini anatafuna mifupa. Jamani gego ni la nini? Mmeweka ua la mapambo nyuma kabisa ambako hakuna anayeangalia, afu mnamlaumu mtu kwa kutafuna. Hawakumrudishia hata shilingi, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika, kaka ni mtu wa kibarua, ile hela aliiweka kidogokidogo.

Nikamleta Arusha kwa yule mama daktari wangu. Mwanzoni kaka alitaka e.max kwa sababu ameona jino langu, dokta akakataa katakata, na hapa nilimheshimu zaidi maana e.max ni hela nyingi kwake. Akamweleza kwa kalamu na karatasi. Daraja linavunjikia kwenye kiungo, pale kofia inaposhikana na jino linaloning'inia, na kila kauri ina unene wake wa lazima wa hicho kiungo. Zirkonia ngumu ya meno matatu inatosha kama milimita 9 za mraba, e.max inataka kama 16, na gego la kaka ni fupi, nafasi ya 16 haipo bila kuziba njia ya kusafisha chini. Halafu e.max kwa daraja mwisho wake ni gego dogo la pili, nyuma ya hapo watengenezaji wenyewe hawaruhusu. Kwa hiyo kaka akapata zirkonia nzima isiyo na tabaka, milioni moja laki tatu na nusu, maana daraja la meno matatu unalipia kofia tatu hata kama jino lililokosekana ni moja, hilo mjue mapema msigombane kaunta.

Siyo zuri kama langu, nasema ukweli. Ukimfungulia mdomo kwenye jua unaona ni jeupe zito, halina uhai. Lakini liko nyuma, na anatafuna.

Huduma ya huyu mama nikiipima, kazi naipa tano kati ya tano, muda naipa tatu. Foleni ni ndefu, miadi ya saa tatu unaingia saa tano, na siku mbili fundi hakuwepo nikarudishwa nyumbani bila simu wakati nimeshafunga duka. Kupokea wanapokea simu kwa shida. Risiti ukiomba wanakupa, na ukiomba kile kikaratasi cha maabara chenye aina ya kauri na namba ya kipande kilichochongwa wanakupa pia, mi ninavyo viwili nimeviweka kwenye bahasha moja na vyeti vya watoto vya kuzaliwa. Hicho kikaratasi ombeni kila mahali. Kliniki ikishindwa kukuandikia jina la kitu wanachokubandika kinywani, hela yako ikae mfukoni kwanza.

Na ukiwa kwenye kiti kabla ya ganzi uliza tu kwa Kiswahili cha kawaida: ndani kuna chuma? ni nzima au imepakwa juu? kwa nini hii kwa jino hili? Daktari mzuri anapenda hayo maswali, yule mama aliweka vifaa chini kabisa akavuta kiti.

Usafi sasa, maana kofia haiozi ila kisiki kilicho chini yake kinaoza kama kawaida, hasa pale ukingoni na ufizi. Mswaki mlaini mara mbili, na katikati ya meno uzi. Kaka kwa daraja lake uzi wa kawaida haupiti kwa sababu meno yameshikana, anatumia ule wenye ncha ngumu kama sindano anaupitisha chini ya jino linaloning'inia anavuta huku na huku, anaupata famasi Moshi mjini, ukiadimika anatumia vile vibrashi vidogo vya kuchokolea, kimoja kinamkalia wiki mpaka nyuzi zianze kulala.